Lifti ya Honi

Mtaa mzima ulikuwa na gari moja tu, na gari lenyewe lilikuwa la Honi. Wengine wote walikuwa watu wa miguu. Fundi, mwanamke aliyeishi na mama yake mzee, alikuwa mmoja wao, na hakuwahi kuona kama amepungukiwa. Kazi yake ilikuwa kushona. Alikuwa na chumba cha cherehani nyuma ya duka la dawa, na kila alichokihitaji kilikuwa umbali wa kupiga soga: ukianza hadithi mlangoni kwako, kabla haijaisha umeshafika sokoni. Vitambaa aliletewa, wateja walikuja wenyewe. Alipoulizwa kwa nini hanunui hata pikipiki, alijibu kwamba miguu hainywi mafuta.

Hayo yalikuwa kabla mama yake hajateleza bafuni akavunjika paja.

Daktari wa mifupa alikuwa katika mji mkubwa, ng'ambo ya kilima. Mama alitiwa chuma, akashonwa, akarudishwa nyumbani na agizo kwamba kila wiki aletwe kusafishwa kidonda na kunyooshwa mguu, la sivyo ungekauka kama kuni. Sasa aletwe na nini? Pikipiki asingeweza kuipanda, paja halikunjiki. Basi lilipita barabara kuu alfajiri likiwa limejaa hadi mlangoni, na dereva wake hakuwa mtu wa kumsubiri bibi mwenye magongo mawili. Fundi alikaa kwenye kiti chake, cherehani imenyamaza, akaona kwa mara ya kwanza jinsi kilima kile kilivyo kirefu.

Ndipo Honi alipopiga hodi.

Alikuwa dereva mstaafu wa gari la maji, mgane, na rafiki wa kufa na kuzikana wa marehemu baba yake Fundi. Jina alilopewa na wazazi wake lilishasahaulika. Watu walimwita Honi kwa sababu aliipiga honi yake kila penye kona, kila penye duka, kila penye mbuzi, na mahali pasipo na kitu pia. Asubuhi watu walisema "Honi kaamka" kama wasemavyo jogoo kawika.

"Nimesikia habari za shemeji," alisema, kofia mkononi. "Gari lipo. Marehemu angekuwa hai, angeniomba? Thubutu! Angeingia tu akakaa. Basi na nyinyi ingieni mkae."

"Baba mdogo, tukushukuru vipi?"

"Kwa kunyamaza. Sipendi kelele za shukrani."

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Hawakusema mtegemea gari la nduguye hufa vipi.

Wiki za mwanzo Fundi hakuona jambo. Alikaa nyuma pamoja na mama yake, ameupakata ule mguu mapajani ili usitikisike, uso wake umeelekea kwenye bandeji. Barabara aliisikia tu: honi, shimo, honi, kona, mama anaguna, honi. Wakifika, Honi aliuliza, "Tumefika, siyo?" naye akajibu tumefika, akidhani mzee anatania.

Wiki ile ya mvua mambo yalianza hata kabla hawajatoka mtaani. Kwenye kona ya dobi, Honi alipunguza mwendo akatoa mkono dirishani.

"Habari za asubuhi, mwalimu!"

Mwalimu hakuitikia. Hakuweza kuitikia, kwa sababu alikuwa koti la mvua lililotundikwa kwenye msumari ukutani.

"Siku hizi ana maringo huyu," Honi akasema, akatia gea.

Fundi alicheka mpaka akaminya mguu wa mama yake bila kukusudia. Mama hakucheka. Fundi alidhani ni maumivu.

Hospitali, mama alipoingizwa ndani, wao wawili walikwenda kukaa kantini. Muuzaji aliwaletea chai ya moto, akaweka mezani mabakuli mawili, moja la sukari, jingine la chumvi kwa wanaokula mayai. Honi aliupitisha mkono juu ya meza taratibu, vidole vimetangulia kama miguu ya kaa, mpaka vikagusa kikombe. Halafu ukaenda kwenye bakuli. Fundi alifungua mdomo kumwambia, kisha akaufunga, asijue kwa nini. Mzee alichota chumvi vijiko viwili vilivyojaa, akakoroga, akanywa.

Uso wake ulikunjamana mara moja tu, ukatulia. Akanywa tena. Akanywa mpaka ikaisha, akaweka kikombe chini na kusema, "Chai ya hapa nzuri."

Mtu anayekunywa chai ya chumvi yote, asiulize, ni mtu aliyezoea kuficha. Na papo hapo mengine yote yakajipanga yenyewe kichwani mwa Fundi: lile koti, lile "Tumefika, siyo?", na zile honi zote. Honi ile haikuwa mbwembwe za dereva mzee. Ilikuwa fimbo ya kipofu. Alikuwa akiipiga ili dunia impishe, kwa kuwa yeye hakuweza kuipisha.

Mara ngapi wamepita kile kilima? Alijaribu kuukumbuka ukingo wake, lile bonde lililo chini, ile kona ambapo wenye malori hujiandaa kwa kusali. Uso ulimharibika, akauficha kwa kiganja. Kisha akajionea haya, kwani aufiche kwa nani?

Angemwambia. Lakini amwambieje? Huyu ndiye aliyembeba mgongoni siku ya mazishi ya baba yake, alipokuwa hajui hata kufunga kamba za viatu. Unamtazamaje mtu kama huyo, mbele za watu kantini, ukamwambia huoni? Aliaga kwamba anakwenda msalani, akakimbilia getini.

Dereva wa gari la wagonjwa alimwambia halitoki kwa mtu anayerudi nyumbani akiwa hai. Mwenye teksi wa kwanza alitazama mawingu juu ya kilima akatikisa kichwa. Wa pili hata kioo hakukishusha mpaka mwisho. "Kilima kile na mvua hii? Dada, mimi nina watoto." Fundi alirudi ndani akamwuliza muuguzi kama mama yake angeweza kulala pale. Muuguzi alimwonyesha korido tu. Wagonjwa walikuwa wamelala hadi chini ya madirisha.

Mama alitolewa kwenye kiti cha magurudumu, midomo imemkauka kwa maumivu. "Nipelekeni nyumbani," alisema. "Hata kama ni kwa kuburuzwa."

Siku hiyo Fundi hakukaa nyuma. Aliulaza mguu wa mama yake juu ya mito, akaja kukaa mbele.

"Leo umekuwa bosi?" Honi aliuliza.

"Nimechoka kutazama bandeji, Baba mdogo. Nataka kutazama barabara."

"Haya," mzee akasema, na vidole vyake vikaanza kulitafuta tundu la ufunguo.

Mvua iliwapokea mwanzoni mwa kilima. Vifuta kioo vilikwenda na kurudi vikilia, lakini kwa Honi vilikuwa pambo tu. Fundi alimtazama kwa pembeni. Macho yake yalikuwa wazi, yametulia, yanatazama mbele kama ya mtu anayesikiliza redio. Aliendesha kwa mazoea, kwa mlio wa matairi kwenye lami na kwenye kokoto, kwa mvuto wa kona aliyoipita maelfu ya mara enzi za gari la maji. Upande wa kushoto kulikuwa na bonde. Tairi la kushoto lilikuwa likitembea juu ya ukingo wa lami, na Fundi alisikia vijiwe vikiporomoka.

Alianza kuongea. Hakuwa amepanga, mdomo wenyewe ulianza.

"Lo, huku kushoto kumemomonyoka kweli, Baba mdogo. Ukingo uko hapa hapa kwenye tairi."

Gari likasogea kulia.

"Na lile basi linalokuja mbele, taa zote limewasha. Hivi wenye mabasi hawajui kubana upande wao?"

Gari likarudi kushoto, kidogo tu, basi likapita na kuwamwagia maji. Fundi aliendelea. Alisimulia kona, alisimulia mti ulioanguka, alisimulia baiskeli yenye gunia la mkaa. Alisimulia kama mtu anayepiga porojo, na mzee alimfuata kama mtu anayesikiliza porojo, akiitikia "Ee," "Kumbe," "Watu hawa bwana," huku usukani ukitii kila neno. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

"Mbona leo una maneno hivyo?" mama aliuliza kutoka nyuma. "Umemeza cherehani?"

"Nataka usisinzie, Mama."

"Nani aliyekwambia mimi husinzia humu?"

Walivuka kileleni, wakaanza kushuka upande wa kwao. Fundi aliyaona mapaa ya mji, paa la kiwanda cha mbao likiwa la kwanza kando ya barabara, moyo ukaanza kumrudi mahali pake. Akavuta pumzi moja ndefu. Na katika pumzi hiyo moja aliyonyamaza, watoto wa shule wakatokea.

Walikuwa kundi zima, wametoka kwenye njia ya vichakani, mifuko ya nailoni vichwani, wanakimbia mvua. Hawakutazama juu wala chini. Waliingia barabarani kama kuku waliofunguliwa banda.

"SIMAMA!"

Honi alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Gari liliteleza, likageuka ubavu, mama akapiga yowe, kisha kila kitu kikatulia, na injini ikazima. Mbele ya kioo alisimama binti mdogo mwenye mfuko wa bluu kichwani. Alikuwa ameweka viganja vyake viwili juu ya boneti, kama anayelizuia gari lisiendelee. Alimtazama Fundi, Fundi akamtazama. Kisha wenzake wakamvuta mkono, wakakimbia wote wakicheka, kwa sababu watoto hawajui.

"Nimemgonga?" Honi aliuliza. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine. "Niambie. Nimemgonga mtu?"

"Hujamgonga."

"Walikuwa wangapi?"

"Baba mdogo, hukuwaona hata mmoja?"

Mzee aligeuza kichwa kuelekea sauti yake. "Umejua lini?"

"Leo. Kwenye chai."

"Mimi nimejua tangu mwaka jana," mama alisema kutoka nyuma, anahema. "Alipompa mkono mke wa mchungaji, kumbe ni nguo zimeanikwa."

Fundi aligeuka. "Ulijua, Mama? Na ukanipandisha humu kila wiki?"

"Ningekwendaje, mwanangu? Ningekwambia, ungekataa, na mguu ungekatwa. Nikaona bora nikae kimya nisali. Mimi humu sijawahi kusinzia hata siku moja."

Fundi hakupata muda wa kukasirika. Juu yao, nyuma ya kona, kulikuwa na ngurumo. Aliijua hata kabla hajaiona: lori la mizigo linateremka, injini inapiga kelele kulizuia, na wao wamekaa ubavu katikati ya barabara, na mama yake hawezi kutoka bila watu wawili na magongo mawili.

"Washa!"

Honi alizungusha ufunguo. Injini ikakohoa, ikafa. Akazungusha tena. Lori likatokeza kwenye kona, kubwa, taa zimewaka, likapiga honi moja ndefu isiyokatika. Injini ikashika.

"Niambie," mzee alisema.

"Mbele. Kata kushoto. Zaidi. Zaidi, Baba mdogo, yote! Sasa nyoosha. Mbele, kuna uwanja, ni kiwanda cha mbao, twende, twende, twende—"

Kitu kililipuka upande wa dereva. Upepo wa lori uliwatikisa kama kapu tupu, kisha wakawa juu ya maranda ya mbao, matairi yamezama, na lori linatokomea mteremkoni huku dereva wake akitukana kwa honi. Kioo cha pembeni cha Honi hakikuwapo. Mahali pake palining'inia waya.

Mvua ilipiga bati la kiwanda.

"Nipe ufunguo, Baba mdogo," Fundi alisema. Alishangaa alivyosema kwa upole.

Mzee hakuutoa mara moja. "Ni mtoto wa jicho," alisema. "Macho yote mawili. Daktari alisema yanapasuliwa, ni jambo la kawaida siku hizi. Nikakiwazia kisu kinakuja na mimi natazama... nikatoroka. Kisha nikasema, nikikaa bila gari, nani atanibishia hodi? Tangu mke wangu afariki, hakuna anayekuja kwangu ila mwenye safari."

Fundi alitaka kumwambia kwamba si kweli. Lakini alijiuliza mara ya mwisho alipokwenda kwake bila kutaka kitu, hakuikumbuka. Alinyoosha tu mkono, na ufunguo ukawekwa kiganjani mwake, moto kutoka mkononi mwa mzee.

Wapasua mbao walitoka na turubai. Walimtoa mama pamoja na mito yake, wakamweka kwenye mkokoteni wa mbao, wakamfunika kama mzigo wa thamani. Vijana wawili walivuta, Fundi akasukuma nyuma. Honi alishika ubao wa pembeni, akatembea akiuachia umwongoze. Alijikwaa kila penye jiwe. Hapakuwa na honi ya kuliambia jiwe limpishe.

"Vuteni polepole," mama aliamuru chini ya turubai. "Nimepona lori, msiniue na mkokoteni."

Usingizi wa Fundi uliharibika tangu siku ile. Kila akifumba macho aliviona vile viganja juu ya boneti. Mchana, akikanyaga cherehani na gari likanguruma mbali barabara kuu, mguu wake ulisimama wenyewe juu ya pedeli.

Hata hivyo wiki ilizunguka na mguu wa mama haukujua hofu ya mtu. Fundi alizunguka akiuliza, mpaka mwoka mikate wa mtaa wa pili akamwambia kwamba gari lake la mikate huvuka kilima kila asubuhi na hurudi tupu saa sita. Wakaondoa kreti mbili, wakatandika godoro, mama akalala katikati ya harufu ya mikate. Honi naye alikuja. Fundi alimfuata nyumbani kwake, akamwambia aoge avae, wanakwenda kwa daktari wa macho, na kama atatoroka atoroke kwa miguu. Njia nzima mzee alimshika kidole kimoja, akakibana kila penye kona, naye Fundi akambana vilevile.

Jicho la kwanza lilipasuliwa. Alikaa siku kadhaa na kitambaa usoni, mama akimtania kwamba sasa wamekuwa mtu mmoja kamili, yeye macho, Honi miguu. Kilipotolewa, alimtazama Fundi kwa muda mrefu. "Kumbe umeota mvi," alisema. Fundi akacheka, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi kicheko kilitoka chenyewe.

Kisha Honi akasema twende tukalione gari.

Lilikuwa bado kwenye uwanja wa kiwanda, limefunikwa na vumbi la mbao. Alilifuta kwa kiganja, akalizunguka polepole. Mikwaruzo ilikuwa kila upande. Alikuwa hajapata kuiona hata mmoja. Mingine aliikisia: huu ukuta wa kwangu, huu pipa la dobi, huu lile lori. Kwenye bamba la mbele, upande wa kushoto, alichuchumaa akakaa hapo.

"Hii rangi ya bluu ni ya nini?"

Ulikuwa mfuo mrefu wenye rangi ya bluu iliyoingia ndani ya bati, kimo cha kiuno cha mtoto.

"Labda pipa," Fundi alisema.

"Pipa gani? Niambie pipa gani la bluu."

Waliondoka pale wakaanza kutembea. Walipita kila mtaa, na kwa kuwa mji ulikuwa mdogo walipita kila mlango. Honi aligusa kila kitu cha bluu: tangi la maji, mlango wa kinyozi, benchi la kituo cha basi. Kila mahali alikwangua kwa ukucha, akalinganisha, akatikisa kichwa. Fundi alimfuata akiomba wasikipate, na akiomba wakipate kiwe kitu, kisiwe baiskeli ya mtu.

Walikipata nyuma ya soko. Ilikuwa nguzo ya geti la shule ya chekechea, ya chuma, ya bluu. Ilikuwa imelala kuelekea ndani kama mtu aliyesukumwa.

"Hiyo?" mwalimu wa chekechea alisema, amembeba mtoto kiunoni. "Kuna gari liliigonga likaenda zake. Tulidhani ni lori lililokuwa likigeuza."

"Watoto huingilia wapi?" Honi aliuliza.

"Hapa hapa getini. Siku ile tulikuwa tumewachelewesha kidogo ndani, wanamalizia uji."

Mzee alikaa chini, mavumbini, na suruali yake safi ya kwendea hospitali. Fundi alimshika kwapani, naye alikuwa mzito kama aliyelala. Mwalimu alitazama gari gani limewaleta, akaona hakuna, akarudi kumtazama mzee, na taratibu uso wake ukabadilika.

"Ni mimi," Honi alisema. "Nitakuja kuinyoosha. Kesho. Kwa mikono yangu."

Mwalimu alimhamishia yule mtoto kiunoni upande wa pili, mbali nao, akaingia ndani.

Walirudi kwa miguu, wameshikana mikono. Gari moja lilipita nyuma yao, la mgeni, lilikuwa polepole kabisa na lilikuwa upande wake. Wote wawili walirukia mtaroni.